SINEMA YA VUGIRI: PROPAGANDA ISEMAYO KWELI NA KAZI YA KADA

Makada wengi wanaposikia neno propaganda huwaza uongo. Humwona adui ameketi mahali, anatunga habari ambayo yeye mwenyewe haiamini, kisha anaipeleka redioni. Propaganda ya namna hiyo ipo, lakini siyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na wananchi wetu si wajinga. Ya hatari zaidi ni propaganda isemayo kweli. Hii huokota kweli moja ndogo, ikaisogeza karibu sana na macho ya mnyonge, mpaka ile kweli kubwa iliyo nyuma yake isionekane. Anayeipinga huonekana anapinga kweli, na anayeikubali hajui amenyimwa nini.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi propaganda ya aina hii inavyofanya kazi. Hatutaanzia nchi za mbali. Tutaanzia Pangani, Tanga na Korogwe, kwa sababu pwani hii ya kaskazini ilikuwa uwanja wa majaribio ya wakoloni katika mambo mengi: ukulima wa mkonge, shule za serikali, magazeti, na hata sinema. Kisha tutatazama jinsi wanamapinduzi weusi wa Marekani na visiwa vya Karibi walivyolichambua jambo hili hili, maana adui yao na wetu alikuwa mmoja. Mwisho tutauliza swali linalotuhusu sisi wenyewe: chombo cha habari kikishatoka mikononi mwa mkoloni kikaingia mikononi mwa Taifa na Chama, je, kazi imekwisha?

PANGANI: KWELI ILIYOFANYWA PAZIA

Mwezi wa Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa mamlaka ya miji ya pwani kwa mkataba iliopewa na Sultani wa Zanzibar. Watu wa Pangani hawakuulizwa, nao wakakataa. Upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, na kule Saadani Bwana Heri, uliwakusanya watu wa kila namna. Walikuwamo wenye mashamba na wafanyabiashara waliohofia mali zao, lakini walikuwamo pia wapagazi wa misafara, watu wa mjini wasio na kitu, na wakulima wa Uzigua na Bonde.

Kampuni ilielemewa. Bismarck alihitaji fedha za Bunge ili kuiokoa, na haikuwa rahisi kuwaambia wabunge watoe fedha za umma kwa ajili ya hasara za wafanyabiashara. Wakati huo Kadinali Lavigerie wa Ufaransa alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Basi vita vya pwani vikabatizwa jina: uasi wa Waarabu, wauza watumwa. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2. Hermann Wissmann akaajiri askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji, akaja kupiga vita, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani.

Je, ulikuwa uongo kwamba pwani kulikuwa na utumwa? La, haukuwa uongo. Mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa, na kada anayeficha jambo hilo ili kupamba historia anajifunga mikono mwenyewe. Lakini tazama kilichofuata. Wajerumani walitawala nchi hii kwa karibu miaka 30, na katika muda wote huo hawakuufuta utumwa. Ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, Wajerumani walipokwisha kuondoka. Kwa hiyo utumwa ulikuwa kweli, lakini haukuwa sababu ya vita. Kweli ilitundikwa kama pazia, na nyuma ya pazia ushuru wa forodha na ardhi vikabadili wenyewe.

Yako maelezo mengine ya vita hivyo. Mshairi wa pwani ya Tanga, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyatungia mambo hayo utenzi mrefu wa Kiswahili, akieleza jinsi Wajerumani walivyoikamata Mrima. Waliopiga kura Berlin hawakuusoma. Lakini utenzi huo umebaki, nao unatupa fundisho la kwanza: mnyonge hakosi sauti. Anachokosa ni chombo cha kuifikisha sauti yake mahali ambapo mambo yake yanaamuliwa.

GAZETI LINALOFUNDISHA KUSOMA BILA KUULIZA

Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga mapema katika miaka ya 1890. Kusudi lake lilikuwa kupata makarani, walimu na maakida watakaoendesha utawala kwa mshahara mdogo. Katika shule hiyo kulikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na humo vijana Waafrika walichapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza nao walipokuja walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, chini ya Idara ya Elimu.

Tusiyatazame magazeti haya kwa jicho moja. Yalikuwa magazeti ya serikali ya kikoloni: yalifundisha utii, usafi, kilimo cha biashara na heshima kwa wakubwa. Lakini wasomaji waliyaandikia barua na mashairi, wakajuana toka Tanga hadi Tabora, wakajizoeza kubishana kwa maandishi katika lugha moja. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufanya kazi ya ukarani serikalini, alitoa mashairi yake katika Mambo Leo. Baadaye akaandika Kusadikika, kitabu kinachoeleza nchi ya kuwazika tu ambako wanaodai haki hushtakiwa. Kalamu aliyoisitawisha kwenye ukurasa wa mkoloni ikageuka ikamhoji mtawala.

Hiyo ndiyo hitilafu iliyomo ndani ya kila chombo cha mtawala. Anataka watu wasome, kwa kuwa karani asiyejua kusoma hana faida kwake. Lakini mtu akishajua kusoma huwezi kumwekea mpaka wa nini asome. Kwa sababu hiyo wakoloni walitafuta chombo kisichodai kusoma, na kisicho na nafasi ya barua kutoka kwa wasomaji. Chombo hicho kilikuwa sinema.

VUGIRI, 1935 HADI 1937

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche michache iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka 40 baadaye mashamba yalikuwa yametanda Muheza, Korogwe na Mombo, kufuata njia ya reli. Kazi ilifanywa na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma, Songea na Njombe, na kutoka Ruanda, Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Malipo yalikwenda kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi. Siku ambayo kibarua hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa, hata kama amekata mkonge tangu alfajiri.

Juu ya mashamba hayo, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, ndiko iliko Vugiri. Mwaka 1935 kilianzishwa hapo kituo cha kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Mpango ulitoka katika Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitolewa na Shirika la Carnegie la New York. Aliyesimamia kazi ya kupiga picha alikuwa Meja L. A. Notcutt. Huyu kabla ya hapo alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo lake la kwanza, mwaka 1926, lilikuwa hili: sinema ya shambani huenda ikasaidia kuwafanya vibarua wawe watu walioridhika. Ndugu msomaji, tulipime neno hilo. Hakusema vibarua walipwe zaidi ili waridhike. Alisema waonyeshwe sinema.

Mpaka mwaka 1937 kituo kilikuwa kimetengeneza sinema zipatazo 35. Zilikuwa picha zisizo na sauti, na maelezo yalipigwa kwa santuri ili lugha iweze kubadilishwa kufuatana na mahali. Lori lilizipeleka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia. Zilihusu safura na malaria, chai na kahawa, mmomonyoko wa udongo, kodi, na kuweka akiba.

Tuichukue moja, ile ya Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anazifukia fedha zake ardhini. Mwizi anamwona na kuziiba. Mwenziwe anazipeleka posta na fedha zake zinasalimika. Hadithi ni fupi na inaeleweka. Na tena ni kweli: fedha zilizofukiwa huibiwa, na mtu mwenye busara huweka akiba. Nani atabisha?

Lakini kada lazima atazame kile ambacho picha haikuonyesha. Sinema inaanza pale fedha zinapotolewa mkononi mwa tajiri. Haianzi pale mshahara unapopangwa. Kwa hiyo swali la nani kapanga kiwango hicho, na kwa haki gani, haliwezi kuulizwa, maana lilikwisha kupita kabla picha haijaanza. Pili, mwizi anayeonekana ni mtu wa kijiji. Siku za kipande zisizohesabiwa hazionekani, wala hakuna anayeziita wizi. Tatu, tofauti baina ya kibarua aliyefanikiwa na aliyepotea ni tofauti ya tabia. Mmoja ni mwangalifu, wa pili ni mzembe. Mfumo mzima wa mashamba umegeuzwa kuwa habari ya mtu mmoja na mahali alipozificha senti zake. Nne, mtazamaji hana pa kujibia. Picha ikiisha taa huzimwa na lori huondoka.

Hilo la kodi lina uzito zaidi. Mei 1935 wachimba shaba wa Northern Rhodesia waligoma kwa sababu kodi iliongezwa. Askari walifyatua risasi Luanshya na watu sita wakafa. Miongoni mwa sinema za Vugiri, zilizokwenda mpaka Northern Rhodesia, ilikuwamo ya kueleza faida za kodi. Pengine kila hospitali na kila barabara iliyoonyeshwa humo ilikuwapo kweli. Hata hivyo, mtu akiuliza kwa nini anatozwa asichokubali, ukamjibu kwa kumwonyesha picha ya barabara, hujamjibu. Umebadilisha swali.

Serikali za kikoloni hazikutaka kuendelea kulipia mpango huo, ukafa mwaka 1937. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Sinema cha Makoloni, kilichoendeleza nadharia kwamba Mwafrika ana akili nzito, hivyo apewe picha za polepole zisizo na mambo mengi. Ajabu ni kwamba wakati huo huo wakazi wa miji ya pwani walikuwa wakilipa kwa hiari yao kutazama sinema za Marekani na Bombay, wakizifuata bila taabu. Na serikali ile ile iliyosema Mwafrika haelewi picha iliweka ukaguzi uliokataza baadhi ya sinema zisionyeshwe kwa Waafrika. Kama kweli haelewi, kwa nini akatazwe? Walichoogopa ni kwamba ataelewa.

WEUSI WA NG'AMBO NA SWALI HILI HILI

Tusidhani kwamba haya yaliwapata watu wa Korogwe peke yao. Mwaka 1915 ilitolewa Marekani sinema iitwayo The Birth of a Nation, iliyowaonyesha Weusi waliotoka utumwani kama wanyama, na wauaji wa Ku Klux Klan kama mashujaa. Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909, kilipigania ipigwe marufuku. Mwaka ule ule Ku Klux Klan, iliyokuwa imekufa, ilifufuliwa. Wamarekani Weusi wakaona mapema kwamba picha inayochezwa jioni inaweza kuwa kamba ya kunyongea asubuhi.

Mwaka 1935, wakati Vugiri inaanza, London ilitolewa sinema ya Sanders of the River, inayomsifu mtawala Mwingereza katika Afrika. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa Mwamerika Mweusi, alicheza humo akidhani ataonyesha heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza, naye alitokea kama mmoja wa machifu. Sinema ilipokwisha kuunganishwa Robeson aliona imekuwa wimbo wa kuusifu ukoloni, akaikana hadharani. Fundisho lake ni zito: uso ulikuwa mweusi, sauti ilikuwa nyeusi, hata mtu aliyekuja kuwa Rais wa Kenya alikuwamo, na bado sinema ilikuwa ya mkoloni. Anayeamua maana ya picha ni yule mwenye mkasi wa kuikata na kuiunga.

Frantz Fanon wa Martinique, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya ngozi nyeusi na barakoa nyeupe, aliingia ndani zaidi. Alieleza kwamba kijana mweusi wa visiwani akitazama sinema ya Tarzan hujiweka upande wa Tarzan dhidi ya watu weusi wa porini. Akiitazama picha ile ile Ulaya, katikati ya Wazungu, anashtuka kuona kwamba wenzake ndani ya ukumbi wanamhesabu yeye kuwa mmoja wa wale wa porini. Hiyo ndiyo tunayoiita kasumba. Kasumba ni kujitazama kwa macho ya anayekudharau, na kufurahi.

Malcolm X, aliyefika Dar es Salaam Oktoba 1964 na kuonana na Mwalimu Nyerere, alikuwa akiwaonya watu wake kwamba magazeti yana uwezo wa kumfanya aliyepigwa aonekane mkosaji na aliyepiga aonekane hana hatia. Watu wa Pangani wangemwelewa mara moja.

Na Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House, hakuishia kwenye nadharia. Pamoja na watafiti wenzake Watanzania alichunguza maisha ya manamba wa mkonge: walivyokusanywa, walivyosafirishwa, walivyolipwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kuuawa Georgetown. Yale yaliyoachwa nje ya sinema ya akiba, utafiti huo umeyarudisha ndani. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kupambana na propaganda isemayo kweli. Huwezi kuishinda kwa kupiga kelele kwamba ni uongo. Unaishinda kwa kuileta ile kweli kubwa, kwa ushahidi.

WANANCHI WALIVYOJIBU

Manamba na makuli hawakungoja kitabu. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma, miaka miwili tu baada ya kituo cha Vugiri kufungwa. Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde nao waligoma. Kila mgomo ulikuwa jibu kwa swali lililofichwa: nani anapanga mshahara?

Jibu lilipita pia katika ngoma. Beni ilipoenea pwani, vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana Tanga na miji mingine kwa mavazi ya kijeshi, vyeo na gwaride. Wako waliosema huko kulikuwa kumwiga Mzungu tu. Kuiga kulikuwapo. Lakini watu walijifunza humo kuchagua viongozi wao, kuchanga fedha zao, kusaidiana misibani na kupashana habari mji kwa mji, bila kibali cha akida. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza akina mama katika TANU mjini Dar es Salaam alipitia vyama vya ngoma. Serikali ilikuwa na redio. TANU ilikuwa na lelemama. Tunajua ni nani aliyeshinda.

Mfano mwingine ni wa Mzee Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliileta kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza sinema za Kiswahili, na Kawawa, kijana wa idara ya ustawi wa jamii, alicheza katika Muhogo Mchungu na nyingine. Mwaka 1955 kijana huyo akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Mkoloni alimpa uso wake ujulikane. Yeye akautumia kwa kazi ambayo mkoloni hakuiandika katika mchezo.

BAADA YA UHURU: JE, KUBADILI MWENYEWE KUNATOSHA?

Taifa lilifanya vizuri kuvishika vyombo vyake. Gazeti la Uhuru lilianzishwa mwaka 1961. Redio iliwekwa chini ya Serikali mwaka 1965. Februari 1970 gazeti la The Standard lilitaifishwa, na Mwalimu Nyerere katika maagizo yake kwa gazeti hilo alitaka liunge mkono Ujamaa, lakini pia liwe na uhuru wa kukosoa utekelezaji na kusema ukweli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Tuilinganishe na Vugiri. Habari ilikuwa ya afya, kama ile ya safura. Tofauti ilikuwa kwamba redio ilipozimwa watu hawakutawanyika. Walikaa wakajadiliana, wakaamua, wakachimba vyoo. Mtazamaji aligeuka kuwa mtendaji.

Hata hivyo fundisho la Robeson linatulazimu kujiuliza zaidi. Ikiwa uso mweusi peke yake hautoshi, basi hata mwenye chombo mweusi peke yake hatoshi. Chombo cha wananchi kikiwa kinampiga picha kiongozi kila siku, na mkulima anaonekana nyuma akipiga makofi, umbo lake ni lile lile la Vugiri ingawa bendera imebadilika. Kikisema mazao yamepungua kwa kuwa wakulima ni wavivu, bila kutaja bei waliyolipwa wala muda waliongoja malipo, kimerudia hadithi ya kibarua aliyefukia senti zake.

Mkonge wenyewe ni shahidi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zaidi ya 220,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilibaki kama tani 33,000. Sababu zilikuwa nyingi: nyuzi za viwandani zilishusha bei duniani, mashamba yalizeeka, na usimamizi ulikuwa na kasoro. Mfanyakazi wa Muheza aliyaona yote hayo kwa macho yake shambani. Kila mahali aliposikia hotuba ya ushindi badala ya hesabu, alijifunza kutoamini hotuba. Kada aliyekwisha poteza imani ya namna hiyo hawezi kuipata kwa kuongeza vipaza sauti.

Nao ubepari haukulala. Miaka ya 1960 na 1970 Tanga iliimba: taarab ya Black Star na Lucky Star, dansi ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nyimbo zilikuwa zetu, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, hivyo nyingi zilifyatuliwa Kenya na faida ikabaki kwa wafanyabiashara. Kuanzia mwaka 1994 televisheni za watu binafsi ziliingia Tanzania Bara. Leo kijana wa Chumbageni ana sinema mfukoni ndani ya simu, na lori la Vugiri haliondoki tena usiku. Kampuni zilizo ng'ambo huamua atazame nini baada ya nini, na hupata faida kwa kila dakika anayotazama. Ndani ya picha hizo hadithi ni ile ya zamani: aliyefanikiwa alikuwa mwerevu, aliyeshindwa alikuwa mzembe, na mshahara haukupangwa na mtu.

KAZI YA KADA

Wako wanaoshauri tupige marufuku. Mkoloni naye alikuwa na bodi ya ukaguzi, na haikumsaidia. Kazi yetu ni kuwapa wananchi uwezo wa kuichambua kila picha, kila wimbo na kila taarifa, zikiwamo taarifa zetu. Tunapendekeza katika kila tawi na kila darasa la siasa maswali haya yawe mazoezi ya kawaida:

(a) Chombo hiki ni cha nani, na nani ana mkasi wa kukata na kuunga?

(b) Kweli gani imesemwa, na hadithi imeanzia wapi? Nini kilitangulia kabla haijaanza?

(c) Lawama imewekwa kwa nani: kwa tabia ya mtu mmoja au kwa mpango wa uchumi?

(d) Mhusika mwenyewe, mkulima au mfanyakazi, amesema kwa kinywa chake au amesemewa?

(e) Asiyekubaliana anaweza kujibu wapi, na atasikika na nani?

Maswali haya yaanze na mambo madogo. Chukueni taarifa moja ya habari kuhusu bei ya mkonge, nazi au machungwa ya Muheza. Isomeni mbele ya wakulima wenyewe. Waulizeni nini kimeachwa, kisha nyamazeni muwasikilize, myaandike majibu yao na kuyapeleka katika vikao vya juu kama yalivyo, hata pale yanapotugusa sisi. Tusiyapunguze makali njiani. Karani anayeyalainisha maneno ya wananchi kabla hayajafika juu ameshika ule mkasi, na hana udhuru wa kusema hakujua.

Uenezi wa Chama unatofautiana na propaganda ya mabeberu kwa jambo hili moja: uenezi wetu lazima uweze kujibiwa. Chombo kisichoweza kujibiwa na mkata mkonge wa Korogwe si chake, hata kama jina lake na picha yake vimeandikwa juu yake.